Nyumba ya Honorine Haipati Joto

Tignish, 12 Januari

Mdogo wangu Aurèle,

Salamu kutoka kwenye nyumba ambayo ukipumua ndani yake unaiona pumzi yako. Sitanii. Naandika nimevaa koti la kanisani juu ya sweta mbili, na paka amejichimbia kwenye kikapu cha nguo chafu, hataki kutoka.

Ni hii pampu ya joto. Unakumbuka tuling'oa tanuru la mafuta kwa sababu tangi lilikuwa limeoza, wakaja vijana wakatufungia ile mashine ndefu nyeupe ukutani sebuleni, na sanduku lenye feni nje, upande wa baharini. Mmoja akaniambia, "Mama, Februari nzima utatembea miguu mitupu!" Mpaka Krismasi ilipasha vizuri, sikatai. Tangu Mwaka Mpya inanguruma, inapuliza, lakini kinachotoka ni upepo wa makaburini. Nimewapigia simu mpaka yule binti wa ofisini anaijua sauti yangu. Watakuja, nisubiri, wana nyumba nyingi.

Najua wewe simu haikufai tangu upasuaji ulipokuondolea sauti, na mimi kompyuta sitaki hata kuiona. Basi tuandikiane kama zamani. Miaka yote umetengeneza majokofu na mashine za barafu za watu. Nitengenezee na mimi kwa kalamu.

Shemeji yako Léonce hajambo, anakusalimia.

Dada yako,
Honorine


Moncton, 17 Januari

Dada Honorine,

Shikamoo, na pole kwa baridi. Kwanza nikutoe wasiwasi: mashine za namna hiyo mara nyingi haziharibiki, zinaonewa tu. Fanya haya, kisha unijibu.

Fungua kifuniko cha ile ya ukutani. Ndani kuna machujio mawili kama wavu wa kuzuia mbu. Yachomoe, yaoshe kwa maji ya vuguvugu, yakauke, uyarudishe. Na paka wako yule, nakuhakikishia utakuta humo manyoya ya kutosha kushonea paka mwingine.

Pili, mtu akaangalie lile sanduku la nje. Theluji isiliguse mbele wala nyuma, linahitaji kuvuta hewa. Ukiona linafuka mvuke mara mojamoja usipige kelele za moto, linajiyeyushia barafu tu. Lakini usiende wewe na nyonga yako hiyo. Umtume Léonce.

Tatu, angalia kioo cha rimoti. Kuna alama ndogo juu. Niambie ni alama gani.

Mimi naendelea. Naongea kwa ubao na chaki kama mwalimu. Wauza duka wananipigia makelele wakidhani na masikio nayo yaliondolewa.

Aurèle


Tignish, 22 Januari

Aurèle,

Manyoya nimeyatoa. Usinicheke.

Theluji ameiondoa jirani yangu Clive Arsenault, maana Léonce alikuwa na shughuli. Sanduku limebaki peupe kama jino. Baridi ni ileile.

Alama kwenye rimoti ni theluji, ile nyota yenye mikono sita. Hiyo ni sawa, si ndiyo? Ni majira ya baridi. Zamani ilikuwa jua. Baada ya Mwaka Mpya nikaona imekuwa theluji, nikajua imejirekebisha yenyewe kwa kuwa baridi imezidi. Wanasema siku hizi zina akili.

Honorine


Moncton, 26 Januari

Dada yangu mpenzi,

Nimecheka mpaka mpangaji wa chini akagonga dari. Na ujue mimi nacheka bila sauti, kwa hiyo ni miguu yangu aliyoisikia.

Ile alama haikuambii majira ya nje. Inakuambia unataka mashine ifanye nini ndani. Theluji maana yake "nipoze". Jua maana yake "nipashe". Majuma yote haya umeketi na koti la kanisani ukiiamuru mashine isikupashe, nayo maskini inatii! Bonyeza kile kitufe kilichoandikwa "hali" mpaka jua litokee, upandishe digrii mpaka ishirini na mbili, halafu uiache. Usizime na kuwasha, usicheze nayo. Joto lake huja polepole.

Bila shaka ulikibonyeza ukifuta vumbi. Yamewapata wengi, wakiwemo wenye shahada.

Aurèle


Tignish, 2 Februari

Aurèle,

Nilikaribia kukutumia barua ya shukrani. Niliweka jua, na kabla sijamaliza kumenya viazi paka alikuwa ametoka kikapuni. Jumapili tumekula supu ya kuku bila makoti. Nikasema, haya, yamekwisha.

Jumanne naamka, baridi. Natazama rimoti: theluji. Nikarudisha jua. Alhamisi, theluji tena! Sikufuta vumbi, usiniletee hayo. Sikuigusa.

Clive alikuwa amepita kuleta maziwa, nikamuuliza, "Wewe ndiye unayechezea mashine yangu?" Akaniambia, "Mama Gaudet, mimi nina yangu ya kuchezea nyumbani." Nikamjibu vibaya. Sasa hapiti.

Rimoti hiyo ni mbovu au wale vijana walitufungia kitu kilicholaaniwa. Najua utataka kuja kuiona. Usije. Nyumba haiko katika hali ya kupokea mgeni.

Honorine


Moncton, 6 Februari

Dada,

Tangu lini mimi ni mgeni?

Badilisha betri za rimoti. Betri zikichoka, rimoti husahau mambo. Lakini sijawahi kuona rimoti inayosahau upande mmoja tu, kila mara upande wa theluji. Nimeliwaza hilo kwa siku kadhaa. Nina muda, unajua.

Ndani ya nyumba hiyo mko wawili na paka. Na kuna jingine. Léonce kila barua yako alikuwa akiongeza mistari miwili chini kwa mwandiko wake wa kulala, kunitukania timu yangu ya hoki. Msimu huu timu yangu imefungwa ovyo na hajasema neno. Theluji ameiondoa jirani. Maziwa unaletewa na jirani. Shemeji yangu yuko wapi?

Aurèle


Tignish, 11 Februari

Aurèle,

Nilikuomba unisaidie mashine, sikukuomba uje kuhesabu watu nyumbani kwangu.

Betri nimebadilisha. Haikusaidia.

Umelalamika kwamba Léonce haandiki. Haya. Nilimwambia umemuulizia, akafurahi, akaomba karatasi. Ameandika mwenyewe na ameifunga bahasha mwenyewe. Sikuisoma, si tabia yangu. Naiweka humu pamoja na yangu. Umeridhika?

Honorine


Tignish

Kwa Fundi Aurèle Chiasson,

Bwana Fundi, nakuandikia kuhusu chumba cha barafu. Mimi ndiye msimamizi wake, kama unavyojua, na wewe ndiye uliyekuwa ukija kutengeneza mitambo, kwa hiyo sikuona wa kumwandikia ila wewe.

Baridi haikai. Kila asubuhi nafika mapema kabla ya wafanyakazi wengine, naweka theluji, natulia. Nikigeuka kidogo, nakuta jua. Bwana Fundi, jua! Na mashua zote zimeshusha, kambakoche wamejaa hadi mlangoni. Wakioza hawa, ni jina langu.

Nimegundua anayefanya hivyo ni mwanamke mmoja aliye hapa. Sijui ni ofisi gani iliyomleta. Ni mtu mzuri. Ananipikia na kunifungia vifungo vya shati asubuhi vidole vyangu vinapokataa. Kwa hiyo nakuomba usimwambie meneja. Sitaki afukuzwe kazi. Nadhani ana matatizo kwake, labda mume mgonjwa, maana nimemsikia akilia jikoni akidhani tumeshatoka kazini.

Njoo uangalie mitambo, kisha mweleze kwa upole. Mimi naona haya kumwambia.

Wako,
Léonce Gaudet
Msimamizi, chumba cha barafu


Moncton, 16 Februari

Dada,

Mashine yako ni nzima. Haina kosa lolote.

Nakurudishia barua ya Léonce. Nilitaka kuificha, nikaona mmeshafichana vya kutosha humo ndani. Isome ukiwa umekaa.

Nimemjibu kwa karatasi ya pili, hiyo iliyokunjwa. Msomee kama ilivyo. Nimemwambia msimu umefungwa, kambakoche wote wamepakiwa kwenye malori salama, hakuna hata mmoja aliyeharibika, na sasa chumba kinatakiwa kikauke, hivyo jua libaki mpaka nitakapofika mwenyewe kukagua. Yeye ni mtu wa kazi. Akipewa amri iliyonyooka ataishika.

Humu kuna rimoti ya zamani niliyoikuta kwenye sanduku la vifaa. Haina betri. Ile yenu ifiche, hii mpe yeye. Abonyeze anavyotaka.

Enzi za kazi yake alinifungulia mlango wa chumba kile miaka yote niliyopita kutengeneza. Huwezi kuniambia tangu lini?

Aurèle


Tignish, 27 Februari

Aurèle,

Nilipofungua kifurushi chako nilikasirika. Mume wangu si mtoto wa kupewa mdoli. Rimoti yako niliitupa kwenye droo ya vijiko. Halafu nikasoma barua yake.

Nimeisoma tena na tena. Nilidhani hanisikii. Nilikuwa nafungulia maji ya bomba ili asisikie. Miaka yote ya ndoa, na mimi sasa ni mwanamke wa ofisini anayeonewa huruma asifukuzwe kazi. Sikujua nicheke au nifanye nini. Lakini nitakwambia ukweli: ni muda mrefu mtu hajaniandika vizuri hivyo.

Nikamsomea jibu lako. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akasema, "Aurèle ni mtu wa kunyooka." Nikampa na rimoti ile, ndiyo, niliitoa kwenye droo. Tukapata amani. Nyumba ikapata joto, akalala mchana kwenye kiti chake kama mtu aliyemaliza zamu.

Kisha ikaja ile dhoruba. Bila shaka na huko kwenu ilifika. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Nikawasha jiko la kuni jikoni, nikamwambia, "Kaa hapa nilete blanketi." Nilikwenda ghorofani tu, Aurèle. Na nyonga hii ngazi sizikimbii. Niliporudi mlango wa nyuma ulikuwa wazi, theluji inaingia hadi kwenye kapeti.

Nilimwita mpaka koo likakauka. Upepo ulikuwa ukinirudishia jina lake mdomoni. Nikaenda kwa Clive kwa kushika uzio, Clive yuleyule niliyemtukana, akatoka bila hata kufunga viatu. Tukamkuta kwenye lile sanduku la nje. Alikuwa analifukia. Anachota theluji kwa mikono mitupu, analijaza, analishindilia, ameshafika juu. Clive akamwambia, "Baba Gaudet, twende ndani, utakufa hapa!" Akamjibu, "Mitambo imezimika, shika upande ule, tukichelewa wanaoza."

Vidole vitatu vya mkono wa kulia huenda vikakatwa. Bado wanaviangalia. Hospitalini daktari, binti mdogo mwenye nywele nyekundu, akaniuliza, "Mama, amekuwa hivi tangu lini?" Nikasema tangu jana. Hakubisha. Alinitazama tu, akasubiri, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kwa hiyo na wewe unauliza tangu lini. Tangu kiangazi cha mwaka juzi. Alianza kwa kupotea njia akirudi kutoka posta. Kisha akawa ananiita jina la mama yake. Nikamwachisha gari kwa kumwambia limeharibika. Nikaacha kualika watu. Kanisani nikasema ana mafua, baadaye mgongo, mpaka nikaishiwa na magonjwa. Niliogopa kwamba mtu mmoja akijua watajua wote, na wakijua wote watakuja wenye tai shingoni kuniambia hapa hakai tena, wampeleke kwenye nyumba ya wazee, na mimi nibaki nikiulizwa nina siku ngapi za kumtembelea. Nilipolalamikia mashine, Aurèle, ndilo lililokuwa jambo pekee nililoweza kulilalamikia kwa sauti.

Umeme umerudi. Mashine inapiga kelele kama mashine ya kusaga nyama. Nimeizima. Nalala jikoni.

Honorine


Moncton, 3 Machi

Dada,

Ni barafu imeshika feni. Ulifanya vyema kuizima. Shusha na swichi yake kubwa kwenye boksi la umeme, na mtu yeyote asiliguse sanduku kwa shoka wala maji ya moto. Likivunjika panga la feni tutakuwa na kazi nyingine.

Nakuja Jumamosi kwa basi. Sikuombi ruhusa. Mwombe Clive anichukue kituoni, na mwombe radhi kabla hujamwomba hilo.

Nikifika hutanisikia nikikuambia ufanye nini na mumeo. Huo ni upande mzuri wa ugonjwa wangu. Lakini yule daktari mwenye nywele nyekundu anangoja jibu la kweli, na nadhani umeshaandika jibu hilo. Liko kwenye barua uliyonitumia. Ukitaka nitaenda nawe, nikae kando na ubao wangu.

Aurèle


Tignish, 24 Aprili

Mdogo wangu Aurèle,

Natumaini ulifika salama na kwamba yule mpangaji wa chini hakuuza vitu vyako. Nyumba imekuwa kimya kwa namna ya ajabu tangu uondoke, na wewe ndiye mtu usiyesema!

Pampu inafanya kazi. Lile paa dogo ulilolipigia misumari na Clive juu ya sanduku limezuia theluji yote ya mwisho. Jua linakaa jua. Sina la kulalamika, na hilo ndilo linalonichosha. Jioni natamani hata isimame kidogo, niwe na wa kumgombeza.

Jumatatu ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kumwona Léonce tangu tulipompeleka pamoja kwenye nyumba ya wazee. Walikuwa wamesema nimpe muda wa kuzoea. Nilikwenda na sweta lake la kijani. Nilijua nitamkuta ameketi dirishani kama gunia, kama wale wengine tuliowaona, nami nitakuwa ndiye niliyemketisha pale kwa saini yangu.

Hakuwa dirishani. Muuguzi akacheka, akasema, "Bwana Gaudet yuko zamu." Nikamwuliza zamu gani. Akaniongoza hadi ukumbi wa chakula.

Ulipokuwa ukimwandikia yule msimamizi wao kwenye ubao, siku ile tulipompeleka, nilidhani unauliza mambo ya dawa. Sasa wameniambia ulichoandika: "Mpeni kitu cha kusimamia." Wamempa friji kubwa ya ukumbi, ya maziwa na juisi. Kila asubuhi anaifungua, anasoma kipimo cha baridi, anawaambia wapishi ni ngapi, nao wanamshukuru. Yuko pale na kofia yake kichwani, mkono wenye vidole viwili umeegemea mlango. Wamemfungia vifungo vya shati vizuri, mpaka cha juu.

Nikasimama mbele yake. Akanitazama kwa adabu sana, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kununua. Hakunijua, Aurèle. Si mwanamke wa ofisini, si yeyote.

Nikasema, "Habari za kazi?"

"Nzuri, mama," akasema. "Baridi inakaa. Samahani siwezi kuongea sana, niko kazini."

Nikamwuliza anatoka saa ngapi. Akafikiri kwa makini, akasema saa kumi na moja.

Nikamwambia sina haraka, nitamsubiri. Akaenda mwenyewe kunivutia kiti, akakifuta kwa mkono wa shati, akarudi kwenye mlango wake. Nikavua koti, nikakaa.

Dada yako,
Honorine